Saa saba za Mama: kisa cha safari moja ya Nairobi hadi New York

Katikati ya Januari 2019 mama yangu, akiwa na miaka 68, alipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alikuwa akienda Marekani kumwona dada yangu aliyejifungua mtoto wa pili. Alifika salama na akambeba mjukuu. Lakini alifika sukari imepanda hadi 19, miguu imemvimba, na ilimbidi akae karibu saa 23 bila kujidunga insulini. Mimi huku Nairobi nilikuwa nimekaa kwenye chumba cha walimu karibu saa moja nikiamini kwamba ndege yake imepotea.

Ndege haikuchelewa hata dakika kumi. Tiketi haikukosewa. Watu watatu katika familia yetu tulipiga hesabu ya safari hiyo, na kila mmoja alipata jibu sahihi la swali alilojiuliza. Nimekirudia kisa hiki mara nyingi kichwani, na leo nakiandika chote, kwa sababu kila wiki kuna mtu anayemsindikiza mzazi wake uwanjani na namba moja tu mfukoni.

Wahusika ni wanne. Mama, mkazi wa Mombasa, ana kisukari na hujidunga insulini mara mbili kwa siku, kabla ya chai ya asubuhi na kabla ya chakula cha usiku. Mdogo wangu anaishi naye Mombasa, na ndiye aliyechapisha tiketi. Dada yuko New Jersey. Mimi ni mwalimu wa hisabati katika sekondari moja ya Nairobi, na Mama alipita kwangu kabla ya kwenda uwanjani.

Ndege yenyewe ilikuwa ile ya moja kwa moja ya Kenya Airways, iliyoanza tarehe 28 Oktoba 2018 baada ya Kenya kupata kibali cha usalama wa anga cha Marekani mnamo Februari 2017. Kabla ya hapo hapakuwa na ndege ya kutoka Nairobi hadi Marekani bila kutua njiani. Tulifurahi sana. Mama hajui Kiingereza, na hofu yetu kubwa ilikuwa ni kule kubadilisha ndege Ulaya au Dubai, kutafuta geti peke yake na kuulizwa maswali asiyoyaelewa. Sasa angepanda Nairobi na kushuka New York, na wahudumu wangezungumza naye kwa Kiswahili. Tukaona mambo yote yamekwisha.

Hesabu ya kwanza ilikuwa ya mdogo wangu. Tiketi ilisema kuondoka Nairobi 23:25, kufika New York 06:25. Alifanya ambalo mtu yeyote angefanya: alihesabu kwa vidole kutoka saa tano na dakika 25 usiku hadi saa kumi na mbili na dakika 25 asubuhi. Saa saba kamili. Akamwambia Mama, "Ni kama kulala na kuamka. Ukifumba macho Nairobi, ukifumbua uko kwa dada."

Hesabu ya pili ilikuwa yangu, na sikuitazama tiketi kabisa. Wanafunzi wa kidato cha nne wana mada ya longitudo na latitudo, na nilikuwa nimeona fursa ya kuwapa mfano unaohusu maisha yao. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko nyuzi 1.3 kusini ya ikweta na nyuzi 36.9 mashariki. Uwanja wa John F. Kennedy uko nyuzi 40.6 kaskazini na nyuzi 73.8 magharibi. Ukitumia kanuni ya kosaini kwenye tufe, pembe kati ya viwanja hivyo viwili, ukiipima kutoka kitovu cha dunia, ni kama nyuzi 106.5. Kila nyuzi moja ya duara kuu, lile linaloigawa dunia katikati, ni maili 60 za baharini, kwa hiyo umbali ni maili 6,390 hivi, yaani kilomita 11,840 hivi. Nikachukua mwendo wa Dreamliner, aina ya ndege inayoruka safari hiyo, ikiwa juu, karibu kilomita 900 kwa saa, nikagawanya. Saa 13 na dakika 9. Ubaoni nikaandika: ikiondoka 23:25, itatua saa sita na dakika 34 mchana kwa saa zetu. Kichwani nikaongeza nusu saa ya kutoka ndegeni, nikapata saa saba mchana.

Siku mbili kabla ya safari nilimpigia mdogo wangu. Mazungumzo hayo nayakumbuka neno kwa neno.

"Umeiangalia tiketi ya Mama?"

"Nimeiangalia. Ni saa saba."

"Saa saba, sawa. Hata mimi nimepata hivyo hivyo."

Hapo ndipo kisa kizima kilipo. Yeye alisema muda: Mama atakaa angani saa saba. Mimi nilisikia wakati: Mama atakuwa amefika saa saba mchana. Namba zetu zilipishana kwa karibu nusu, lakini neno lilikuwa moja, na kila mmoja alikata simu akiwa na uhakika kuliko alipoipiga, kwa kuwa mwenzake amemthibitishia.

Kiswahili chetu hutumia neno "saa" kwa chombo cha mkononi, kwa wakati wa siku na kwa kipimo cha muda. Mtaani watu hutenganisha kwa kusema "masaa" wanapotaja muda, nasi walimu huwakosoa, kwa sababu sanifu ni "saa" katika umoja na katika wingi. Sibishani na sarufi. Nasema tu kwamba siku ile mdogo wangu angesema "masaa saba" ningeshtuka papo hapo, kwa kuwa nilijua hakuna ndege ya abiria inayovuka kilomita 11,840 kwa masaa saba. Au angesema "muda wa saa saba". Neno moja tu la ziada.

Hesabu ya tatu ilikuwa ya Mama mwenyewe, ya sindano. Mama alipanga dawa yake kwa ile namba ya mdogo wangu, na alipanga vizuri, kama mtu ambaye ameishi na kisukari miaka kumi na mmoja. Angejidunga kwangu Nairobi saa moja unusu jioni, ale. Sindano inayofuata ni ya saa moja asubuhi. Ndege inafika saa kumi na mbili na dakika 25 asubuhi, kwa hiyo saa moja atakuwa ameshatua, sanduku linakuja, atajidunga humo humo uwanjani au garini. Basi akazifunga chupa za insulini kwenye chupa ndogo ya chai yenye barafu, akaitia katikati ya nguo kwenye sanduku kubwa. Mdogo wangu alikuwa amesikia kwamba vitu vya majimaji vinakatazwa kwenye mkoba wa mkononi, wakaona sanduku ndilo salama.

Hili la majimaji ni kosa ninaloliona bado kwa watu wengi, hivyo niliseme wazi. Kikomo cha mililita 100 hakihusu dawa ambayo msafiri anaihitaji njiani. Insulini huingia nayo ndani, pamoja na sindano zake, na barua ya daktari husaidia. Tena sanduku la chini ya ndege ndilo mahali pabaya zaidi pa kuiweka, kwa sababu linaweza kupoteza njia, na kwa sababu huko chini baridi inaweza kuwa kali. Insulini ikishaganda imeharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana kama kawaida.

Nami nilikuwa wapi katika hayo yote? Nilimwona Mama akijidunga mezani kwangu. Nilimwona akiifunga ile chupa ya chai. Kichwani nilikuwa na saa 13, na kama ningeweka saa 13 hizo mbele ya sindano ya saa moja asubuhi kwa nusu dakika tu, ningelifungua sanduku. Sikuziweka. Kwangu saa 13 zilikuwa habari ya umbali, ya duara kuu na kosaini. Sikuzihusisha na mwili wa Mama. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Sasa tufuate ndege. Ilipoondoka usiku ilielekea kaskazini-magharibi. Watu wengi hudhani njia ya kwenda Marekani inakata Kongo na kutokea baharini upande wa Nigeria, kwa kuwa ukiweka rula kwenye ramani ya ukutani kutoka Nairobi hadi New York, ndivyo inavyoonyesha: kaskazini mwa Kongo, Kamerun, Nigeria, Mali, kisha bahari kwenye pwani ya Mauritania. Mstari huo una kilomita 12,190 hivi. Njia fupi kwenye tufe hupinda juu zaidi: karibu na Mlima Elgon, mpaka wa Uganda na Sudan Kusini, karibu na ncha ya kaskazini ya Jamhuri ya Afrika ya Kati, Chad, kona ya kaskazini-mashariki ya Niger, jangwa la Algeria, Moroko, kisha Atlantiki. Hupita kando ya visiwa vya Azori, hupanda hadi zaidi ya nyuzi 42 kaskazini, juu kuliko New York yenyewe, halafu hushuka. Inaokoa kilomita 350, karibu dakika 25 za kuruka. Wanafunzi wangu hawakuamini mpaka tulipovuta uzi juu ya tufe la maktaba.

Saa ya mkononi ya Mama ilipofika saa moja asubuhi, saa ya sindano, alikuwa angani muda wa saa saba na kidogo. Ukizidisha kwa mwendo halisi wa ndege unapata kama kilomita 6,000. Yaani alikuwa juu ya Moroko, bara la Afrika linaishia chini yake, na mbele iko Atlantiki nzima. Insulini ilikuwa mita chache chini ya miguu yake, nyuma ya sakafu, na hakuna mtu awezaye kuifikia mpaka New York.

Alimwita mhudumu, msichana wa Kikenya, akamuuliza kama wamekaribia. Msichana alimwonyesha ramani kwenye skrini, kile kindege cheupe kimekaa ukingoni mwa Afrika, akamwambia, "Bado, Mama. Bado saa saba na nusu." Na Mama, kama mimi kwenye simu, alisikia wakati wa siku. Akajua watafika saa saba unusu mchana. Akahesabu: saa sita unusu zimebaki. Alikosea kwa saa moja tu, na kwa bahati mbaya kosa dogo kama hilo halikumsaidia kugundua lile kubwa.

Akaamua asile. Kwa mtu aliyefunzwa kliniki kwamba sindano hutangulia chakula, uamuzi huo una mantiki yake. Alikunywa maji, akala kipande cha mkate alipoona mikono inatetemeka, kisha juisi, kwa kuwa hakujua kama sukari imepanda au imeshuka. Kipimo nacho kilikuwa sandukuni. Hakumwambia mhudumu kuhusu insulini. Nilipomuuliza baadaye kwa nini, alisema, "Ningesema nini, mwanangu? Kwamba dawa nimeifungia chini mwenyewe?" Natamani angesema. Wahudumu hufunzwa kushughulikia mgonjwa, na angalau wangempima na kumwangalia.

Kuna jambo jingine lililomchanganya, nalo linatokana na umbali ule ule: usiku haukwisha. Siku ile jua lilikuwa limezama Nairobi kama saa kumi na mbili na dakika 40 jioni. Ndege ikakimbia kuelekea magharibi, upande ule ule linakokwenda jua, na alfajiri ikawa inawafukuza kutoka nyuma. New York katikati ya Januari jua huchomoza mnamo saa moja na dakika 20 asubuhi, ambazo kwetu ni saa tisa na dakika 20 alasiri. Kutoka machweo ya Nairobi hadi macheo ya New York ni usiku wa zaidi ya saa 20. Mama hajawahi kukosa swala ya Alfajiri. Ilipofika saa kumi na moja kwa saa yake alitazama dirishani akaona giza totoro. Saa kumi na mbili, giza. Saa mbili, saa tatu, saa nne asubuhi za Mombasa, wakati soko la Marikiti limejaa watu, nje ya dirisha lake hapaonekani kitu. Yeye alikuwa kiti cha kushoto nyuma ya bawa. Anasema weupe wa kwanza aliuona kwa kugeuza shingo, nyuma kabisa, kiasi cha saa moja kabla ya kutua. Ndipo aliposwali, amekaa, saa yake ikisema saa saba na robo mchana.

"Mwili unaniambia ni mchana, jicho linaniambia ni usiku," alisema. "Nikawa sijui ni nani nimsadiki."

Turudi Nairobi. Nilikuwa darasani hadi saa sita. Saa saba mchana nilimpigia dada, simu haikupokewa. Alikuwa akiendesha gari gizani kuelekea uwanjani, mtoto amemwacha na baba yake, na simu iko mkobani. Saa saba unusu nikapiga tena. Kwa hesabu yangu ndege ilikuwa imepita muda wa kutua kwa saa nzima. Nililaza kichwa mezani. Mwenzangu wa jiografia aliniuliza kulikoni, nikashindwa kusema, kwa sababu nilihisi nikilisema litakuwa kweli. Saa nane ilipokaribia ndipo nilipomwomba mdogo wangu anitumie picha ya tiketi. Ikaja kwenye WhatsApp. Nikasoma 06:25. Nikachukua kalamu nikaandika pembeni ya daftari la maandalizi: New York iko nyuma yetu kwa saa nane wakati wa baridi, 06:25 jumlisha 8 ni 14:25. Saa nane na dakika 25 mchana. Mama yuko angani bado, na yuko ndani ya ratiba. Na hapo hapo, kabla hata moyo haujatulia, nikaiona ile chupa ya chai.

Dada alipiga saa kumi na dakika 40 jioni yetu. Foleni ya uhamiaji ilikuwa ndefu. Sanduku lilifika, barafu imekuwa maji, na kwa kuwa hatukuwa na njia ya kujua insulini imepitia baridi gani, dada aliitupa yote. Alimpeleka Mama kliniki ya karibu kabla ya kumpeleka nyumbani. Alipata sindano mpya kiasi cha saa kumi na mbili unusu jioni kwa saa zetu. Tangu meza yangu Nairobi hadi hapo ni saa 23. Tangu alipofunga mlango wake Mombasa saa kumi na mbili asubuhi ya jana yake kuwahi treni Miritini, hadi alipokaa kwenye kochi la dada, ni saa 38.

Kwa hiyo safari moja ilikuwa na namba nne: 7, 13, 15 na 38. Ile ya saba haipimi safari hata kidogo. Ni tofauti ya saa mbili za ukutani zilizo katika miji miwili, na haina maana yoyote mpaka uijumlishie zile nane za tofauti ya majira: 7 na 8 ni 15. Ya 13 hupima umbali ukigawanywa kwa mwendo, kana kwamba ndege huanza na kuishia ikiwa juu kwenye kasi kamili na hewa imetulia. Ya 15 ndiyo ya kampuni ya ndege. Ya 38 ndiyo ya Mama, na hakuna hata mmoja wetu aliyeihesabu.

Ule mwanya wa kati ya 13 na 15 umenishughulisha kama mwalimu, kwa sababu ndio uliokula amani yangu mchana ule. Kwanza, ratiba huhesabu tangu ndege inapoondoka getini hadi inapoegeshwa geti la pili. Kutembea ardhini, kusubiri zamu, kupanda taratibu na kushuka taratibu huweza kula robo tatu ya saa. Pili ni upepo. Juu ya Sahara wakati wa baridi ya kaskazini, katika kimo zinakoruka ndege, kuna mkondo wa upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na juu ya Atlantiki kuna mwingine. Ndege ya kwenda New York inaupanda kifua mbele kuanzia maeneo ya Chad. Chukua upepo wa wastani wa kilomita 60 kwa saa: mwendo wa 900 unakuwa 840 ukiupima ardhini, na kilomita 11,840 zinakuwa saa 14 na ushei. Ongeza robo tatu ya ardhini, umefika 15. Ndiyo sababu kurudi ratiba huwa fupi, kama saa 14.

Tatu, anga ina wenyewe. Mstari nilioueleza unapita nchi nyingi, na nchi ikifunga anga ndege inazunguka. Niger ilifanya hivyo tarehe 6 Agosti 2023 baada ya mapinduzi, na haikufungua hadi Septemba. Mstari wa Nairobi na New York hukata kona ya nchi hiyo.

Na uzito. Dreamliner ya kampuni hiyo ina viti 234, na safari hii huchukua tani 85 za mafuta, marubani 4 na wahudumu 12. Ndege yenyewe tupu ina karibu tani 120, na haiwezi kupaa ikiwa na zaidi ya tani 228. Toa, utaona zimebaki tani 23 za watu na mizigo. Abiria 234 kwa kilo 100 kila mmoja pamoja na sanduku lake ni tani 23 na ushei. Na hizo 228 ni za uwanja wa usawa wa bahari. Nairobi iko mita 1,624 juu, ambako hewa ina uzito wa asilimia 85 hivi ya hewa ya Mombasa, kwa hiyo bawa na injini hupata kidogo cha kushika. Barabara ya kurukia ya zaidi ya kilomita 4 husaidia, na ubaridi wa usiku husaidia pia, maana hewa baridi ni nzito. Kuondoka usiku kunaifaa ndege. Ndiko kuondoka huko kunakompa abiria ule usiku wa saa 20.

Baada ya kisa hiki jamaa waliniuliza kama isingekuwa heri angepitia Ulaya. Kwa umbali tofauti ni ndogo kuliko watu wanavyodhani: Nairobi hadi Amsterdam ni kilomita 6,680 hivi, Amsterdam hadi New York 5,850, jumla 12,530, ongezeko ni kilomita 690 tu. Kupitia Dubai ndiko mbali, karibu 14,580. Lakini muda hauliwi na kilomita hizo. Huliwa na kukaa kati ya ndege na ndege, na kwa mzee asiyejua lugha, huko ndiko wasiwasi ulipo. Ningempandisha ile ya moja kwa moja tena. Ningebadilisha mkoba tu.

Kwa safari ya kurudi, Aprili, niliandika karatasi nikampigia picha dada aichapishe kwa herufi kubwa. Juu niliandika muda kwa maneno: masaa kumi na nne ndani ya ndege. Ndiyo, niliandika "masaa", mimi mwalimu, na ningeandika tena. Chini yake nikaweka safu moja ya saa za Mombasa peke yake, tangu kutoka kwa dada hadi kufika Mombasa, bila kuchanganya na za New York, na pembeni ya kila mstari kama ni kula, kupima, kudunga au kulala. Ratiba ya sindano yenyewe aliipanga daktari wa kule, kwa kuwa ukisafiri mashariki siku hufupika na dozi huweza kuhitaji kubadilishwa. Insulini, kipimo na barua vilikuwa kwenye pochi ya shingoni.

Usiku kabla ya kuondoka nilimpigia simu tuipitie karatasi pamoja. Nikaanza kumsomea: New York iko nyuma yetu kwa saa nane, kwa hiyo ndege ikiondoka mchana...

"Saba," akanikata.

"Mama?"

"Siku hizi ni saba, babangu. Wamesogeza saa zao mbele mwezi wa tatu, tarehe kumi, dada yako alinionyesha. Hebu hesabu yako uirudie."

Nikaichukua kalamu nikairudia.